Kutoka Kiapo cha Uraia Hadi Bunge la Jimbo Marekani: Mwongozo kwa Waliotoka Afrika Mashariki

Novemba 2024 wapiga kura wa wilaya ya 38A, Minnesota, walimchagua Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, awe mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la jimbo lao. Miaka minane kabla yake Ilhan Omar, aliyeishi kambini Kenya kwa miaka minne kama mkimbizi wa Kisomali, alianza siasa zake katika baraza hilohilo. Barack Obama naye, ambaye ukoo wa baba yake ni wa Kogelo, alikaa katika Seneti ya jimbo la Illinois kuanzia 1997 hadi 2004 kabla ya kwenda Washington.

Nawataja kwa sababu wengi wetu huku ughaibuni tunakesha tukifuatilia siasa za Nairobi, Dodoma, Kinshasa na Washington, huku Bunge la jimbo tunaloishi hatulijui hata lilipo. Bunge hilo ndilo linaloamua malipo ya nyumba za kulelea wazee ambako ndugu zetu wanafanya kazi za usiku. Ndilo linaloandika masharti ya leseni kwa wanaoendesha nyumba za kutunzia watu wenye ulemavu, na ndilo linalogawa fedha za shule. Mwaka 2023 pekee, Bunge la Minnesota lilipitisha sheria ya kumruhusu mkazi kupata leseni ya udereva bila kujali hali yake ya uhamiaji, likawapa wanafunzi chakula cha bure shuleni, na likaunda bodi ya kuweka viwango vya kazi katika nyumba za wazee. Ukitafuta mahali ambapo mhamiaji anaweza kubadili maisha ya watu wake kwa kura halali, anzia hapo.

Majimbo 50 yana kanuni 50, kwa hiyo nitashika Minnesota kama mfano na kugusa mengine pale tofauti inapokuwa kubwa. Wewe soma katiba na sheria za jimbo lako.

Uraia kwanza, na tahadhari moja

Urais umetengwa kwa raia wa kuzaliwa, lakini ubunge wa jimbo uko wazi kwa raia wa kuandikishwa. Kwa kawaida unaomba uraia baada ya miaka mitano ya grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), au mitatu ikiwa umeoa au kuolewa na raia na mnaishi pamoja. Aliyeletwa kama mkimbizi kupitia mpango wa makazi huhesabiwa miaka yake tangu siku aliyoingia nchini, na Wakongomani wengi waliotoka kambi za Kakuma na Nyarugusu hawalijui hili, wakabaki kungoja bure.

Tahadhari ni hii. Usijiandikishe kupiga kura kabla ya kula kiapo. Unapojaza fomu ya leseni ya udereva, swali la kujiandikisha huwa limechomekwa humo, na mtu aliyechoka huweka alama bila kusoma. Kwa asiye raia, alama hiyo inaweza kumfukuzisha nchini, achilia mbali kugombea.

Fikiria pia unachoacha nyumbani. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010, na Uganda, Rwanda na Burundi zina njia zake. Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na Katiba ya Kongo inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Mwenye shamba au nyumba kule azungumze na wakili kabla ya kiapo.

Ukishakuwa raia, Minnesota inataka uwe na umri wa miaka 21, uwe umekaa jimboni mwaka mmoja na wilayani miezi sita kabla ya uchaguzi. Ukihama nyumba kwa ajili ya kodi nafuu, angalia ramani kwanza. Mtaa mmoja tu unaweza kukutoa nje ya wilaya yako.

Utakula nini?

Hapa ndipo ndoto nyingi zinapovunjika, na ni afadhali zivunjike mapema. Ubunge tuliouzoea kule nyumbani una gari kubwa, mlinzi, posho nene na mfuko wa maendeleo wa kugawia watu. Ubunge wa jimbo Marekani hauna kitu hicho. Texas hulipa dola 600 kwa mwezi, na Bunge lake hukutana siku 140 katika kila mwaka usiogawanyika kwa mbili. New Hampshire ina wajumbe 400 katika Baraza la Wawakilishi, na malipo yao ni dola 100 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa katika katiba ya jimbo tangu 1889. New York inalipa dola 142,000. Minnesota iko katikati: mwaka 2023 mshahara ulipandishwa hadi dola 51,750, pamoja na posho ya siku za vikao.

Kwa hiyo kaa na mwenzi wako muandike bajeti ya miaka miwili. Vikao vya Minnesota huanza Januari katika mwaka wa bajeti, na huisha wiki ya tatu ya Mei. Miezi hiyo huwezi kufanya shifti za mchana. Wauguzi wana nafuu kidogo kwa sababu wanaweza kubaki na shifti za wikiendi au za kuitwa. Mwenye biashara yake anahitaji msimamizi anayemwamini. Ongezeni pesa mnazotuma nyumbani kila mwezi, na muwaambie wazazi mapema kwamba mwaka wa kampeni zitapungua. Mzee akisikia mwanawe ni mbunge Marekani, atatarajia ziongezeke.

Fanya kazi ya watu kabla ya kuomba kura

Njia iliyowafaa wengi ni kuanzia chini: kamati ya wazazi shuleni, bodi ya elimu, tume ya mipango miji, baraza la mji. Deqa Dhalac, mzaliwa wa Somalia, alikuwa diwani na kisha meya wa South Portland huko Maine kabla ya kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo mwaka 2022. Katika nafasi hizo ndogo unajifunza kusoma bajeti, kuendesha mkutano na kupigiwa kelele na wananchi bila kununa. Unajulikana pia na watu wasio wa kabila lako wala wa dini yako, na hilo ndilo litakaloamua uchaguzi.

Wakati huohuo, hudhuria Bunge lenyewe. Vikao vya kamati huko Saint Paul, mji mkuu wa Minnesota, viko wazi kwa yeyote, na vinarushwa kwenye mtandao. Omba kutoa ushahidi kuhusu mswada unaoujua kwa uzoefu, kwa mfano mishahara ya wasaidizi wa wauguzi. Dakika mbili mbele ya kamati zitakufundisha mengi kuhusu kazi hii.

Chama, na ile jioni ya Februari

Nebraska ndiyo pekee yenye Bunge la chumba kimoja, maseneta 49, na karatasi yake ya kura haionyeshi vyama. Kwingineko kote utahitaji chama, au moyo mgumu sana.

Minnesota kila miaka miwili, Februari, vyama hufanya kokasi, yaani mikutano ya wanachama wa kituo kimoja cha kura, mara nyingi katika darasa la shule. Wanaohudhuria huchagua wajumbe wa mkutano mkuu wa wilaya, na mkutano huo ndio unaomwidhinisha mgombea. Darasa linaweza kuwa na watu wachache tu. Ukileta majirani 15 walioelezwa vizuri nini cha kufanya, mnaweza kuondoka na nafasi zote za ujumbe. Jamii zetu zinalala usingizi jioni hiyo, kisha zinalalamika Agosti kwamba chama kimechagua mtu wao.

Idhini ya chama hukupa orodha, wafanyakazi wa kujitolea na jina kwenye vipeperushi. Ukiikosa, bado unaweza kwenda kwenye mchujo wa Agosti, ambako wapiga kura wenyewe humchagua mgombea wa chama, ingawa baadhi ya wajumbe watakukasirikia. Mwaka 2016 mkutano wa wilaya ya 60B haukumwidhinisha yeyote. Ilhan Omar akaenda mchujoni dhidi ya Phyllis Kahn, aliyekuwa amekaa bungeni miaka 44, na Mohamud Noor, akashinda akiwa amepata kura zipatazo 2,400 tu. Soma tena idadi hiyo. Kuna harusi za Mombasa zenye wageni wengi karibu na hapo.

Harambee yenye risiti

Sisi tunajua kuchangishana. Tumesafirisha maiti na kulipa bili za hospitali kwa vikundi vya WhatsApp. Lakini mazoea yaleyale yakiingia kwenye kampeni bila kubadilishwa yanaweza kukuharibia jina, kwa hiyo yashike haya kabla ya kupokea dola ya kwanza.

Sheria ya shirikisho inamkataza mgeni kuchangia uchaguzi wowote, hata wa jimbo. Raia wa Marekani na mwenye grinikadi wanaruhusiwa. Mjomba wa Eldoret, rafiki wa Dar es Salaam na mwanafunzi mwenye viza hawaruhusiwi, hata wakituma kupitia akaunti ya dada yako. Kutoa pesa kwa jina la mwingine ni kosa lenyewe. Minnesota pia inakataza kampuni kumchangia mgombea, kwa hiyo hundi ya duka au ya kampuni ya huduma za nyumbani irudishwe, na mwenyewe aandike ya mfukoni mwake.

Kikapu kinachozungushwa ukumbini ni hatari. Mchango usio na jina unaozidi dola 20 hauwezi kubaki kwako, sharti upelekwe kwa bodi ya jimbo inayosimamia fedha za kampeni. Weka mtu mlangoni mwenye daftari: jina kamili, anwani, kiasi, na mwajiri pale inapohitajika. Ukishakusanya au kutumia zaidi ya dola 750, una siku 14 za kusajili kamati yako kwa bodi hiyo. Mweka hazina asiwe binamu mchangamfu. Awe mtu anayependa risiti, anayeweza kukuambia hapana mbele za watu.

Kugawa pesa, unga au sare kwa wapiga kura ni jinai. Chai na mandazi kwenye mkutano havina tatizo, mradi thamani yake iwe ndogo na pasiwe na pombe.

Ukiishi Maine una bahati. Mgombea wa Baraza la Wawakilishi akikusanya michango 60 ya dola tano tano kutoka kwa wapiga kura wa wilaya yake, anastahili fedha za umma za kuendeshea kampeni. Mpango huo wananchi waliupitisha kwa kura mwaka 1996.

Milango

Kila wilaya ya Baraza la Wawakilishi Minnesota iliundwa kuwa na watu wapatao 42,600. Ukiwatoa watoto, wasio raia na wasiopiga kura, wanaobaki unaweza kuwafikia kwa miguu yako. Matangazo ya mtandaoni na mabango yana kazi yake, lakini katika uchaguzi wa ukubwa huu hayafui dafu mbele ya mgombea mwenyewe aliyesimama mlangoni.

Pata daftari la wapiga kura kutoka ofisi ya Katibu wa Jimbo au kupitia chama chako. Daftari linaonyesha nani alipiga kura chaguzi zilizopita, ingawa halionyeshi alimpigia nani. Anza na wanaojitokeza kila mara kwenye mchujo. Panga njia mtaa kwa mtaa, jioni za siku za kazi na Jumamosi kutwa. Minnesota theluji hukaa hadi Machi, kwa hiyo msimu wa baridi uwe wa simu na vikao vya sebuleni, na Aprili uingie barabarani.

Mlangoni rudi nyuma hatua mbili baada ya kubisha, uonekane vizuri. Sema jina lako taratibu, unalogombea, na kisha uliza: ni jambo gani hapa mtaani ungependa lishughulikiwe? Halafu nyamaza. Wagombea wetu wengi wana ulimi mtamu, tumelelewa kwenye mikutano ya hadhara, na kishawishi cha kuhutubia ni kikubwa. Mtu aliyesikilizwa dakika tatu atakukumbuka kuliko aliyehutubiwa kumi. Lafudhi yako isikusumbue, maana watu husamehe lafudhi upesi kuliko haraka. Ukiondoka andika alichosema na alama kuanzia moja, anayekuunga mkono kabisa, hadi tano, anayekupinga. Alama ya tatu utamrudia. Siku nne za mwisho unarudi kwa wenye moja na mbili tu, kuhakikisha wametoka kupiga kura.

Nyumba za ghorofa zisikutishe. Sheria ya Minnesota namba 211B.20 inamzuia mwenye jengo kumkatalia mgombea, pamoja na wanaojitolea walioandamana naye, kuingia kubisha milango. Chapisha nakala, uonyeshe kitambulisho, uzungumze kwa upole na meneja. Humo ndimo wanamoishi wahamiaji wengi ambao hawajawahi kubishiwa na mwanasiasa yeyote.

Kuna mtego mmoja ninaouogopa kuliko yote. Kundi la WhatsApp lenye mamia ya watu wa kwetu hutoa hisia ya umati. Wahesabu kwa anwani: nusu wako Texas, Ohio na Ontario, wengine hawajapata uraia, na wanaobaki wilayani mwako wanajaza ukumbi mdogo wa kanisa. Wapende, waombe michango halali na muda wao. Hata asiye raia anaweza kujitolea bila malipo, akabisha milango, akapika, akaendesha gari. Lakini kura zako nyingi zitatoka kwa bibi wa Kinorwe anayelima maua, fundi mabomba wa jamii ya Wahmong kutoka Asia, na mwalimu mstaafu Mmarekani mweusi. Usipokuwa na neno kwao, huna kampeni.

Fomu, Agosti, Novemba

Sehemu hii ni fupi na haina fumbo. Mwishoni mwa Mei hufunguliwa dirisha la wiki mbili. Unawasilisha kiapo cha ugombea na ada ya dola 100, au saini 500 badala ya ada. Usingoje siku ya mwisho. Mchujo ni Jumanne ya pili ya Agosti. Hakuna kujisajili kwa chama, mpiga kura huchagua safu ya chama kimoja tu siku hiyo. Kura ya mapema huanza siku 46 kabla, na mtu anaweza kujiandikisha palepale kituoni siku ya uchaguzi. Wafundishe watu wako hayo mawili. Waliohama mwezi uliopita hudhani wamekosa nafasi.

Na usiache kura yoyote mezani. Mwaka 2024 kiti cha 54A Minnesota kiliamuliwa kwa kura 14. Virginia, mwaka 2017, wagombea wawili wa wilaya ya 94 walifungana, na mshindi akapatikana kwa kuchomoa jina kutoka bakuli mnamo Januari 4, 2018. Bahati nasibu hiyo ndiyo iliyokipa chama cha Republican wingi wa viti 51 kwa 49 barazani, badala ya sare ya 50 kwa 50.

Umeapishwa. Sasa?

Mswada huanza na wazo, na wazo unalipeleka kwa ofisi ya wanasheria wa Bunge wanaoliandika kwa lugha ya sheria. Hawana upande wa chama, na hawakudai kitu. Watumie, pamoja na idara ya utafiti ya Baraza. Kisha unatafuta seneta atakayewasilisha mswada pacha upande wa pili. Baada ya hapo kila kitu kinategemea mwenyekiti wa kamati, kwa kuwa ndiye anayeamua mswada upi usikilizwe. Kuna tarehe za mwisho za kamati, na mswada usiosikilizwa kabla ya tarehe hizo kwa kawaida umekufa kwa mwaka huo. Mgeni bungeni aende kwa mwenyekiti wiki ya kwanza, na shahidi mmoja mzuri mkononi.

Kupitisha sheria kunahitaji kura 68 kati ya 134 katika Baraza, na 34 kati ya 67 katika Seneti. Maandishi ya pande mbili yakitofautiana, kamati ya upatanishi huyalinganisha, kisha hupelekwa kwa gavana. Ushauri wangu ni uchague mambo matatu, si ishirini. Mjumbe mpya anayejulikana kwa jambo moja la nyumba za wazee, na kulijua hadi senti, husikilizwa na vyama vyote. Sehemu kubwa ya mafanikio ya mwaka wa kwanza si mswada wenye jina lako. Ni aya mbili zilizoingizwa ndani ya mswada mkubwa wa bajeti usiku wa manane wa Mei.

Jifunze kufanya kazi na usiokubaliana nao. Januari 2025 Baraza la Minnesota lilianza likiwa limegawanyika, na vyama vikaishia 67 kwa 67. Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kwamba akidi ni wajumbe 68, na hadi makubaliano ya kugawana madaraka yalipofikiwa Februari, shughuli zilikwama. Mwaka 2011, bajeti ilipokosa muafaka, serikali ya jimbo ilifungwa kwa siku 20. Wanaoumia wakati huo ni watumishi na wanaotegemea huduma.

Washawishi wa kulipwa watakuja na tabasamu. Wengi wanajua mambo, sikiliza. Lakini Minnesota inakataza zawadi zao tangu 1994, na wakati wa kikao huruhusiwi kuwaomba michango.

Usalama wa nyumbani

Usiku wa Juni 14, 2025, Melissa Hortman, aliyekuwa Spika wa Baraza, na mumewe Mark waliuawa nyumbani kwao Brooklyn Park. Seneta John Hoffman na mkewe Yvette walipigwa risasi usiku huohuo wakanusurika. 

Simwambii mtu aogope, namwambia ajipange. Zungumza na familia kabla ya kujaza fomu. Tumia sanduku la posta kwa barua za kampeni, weka kamera na taa, usibishe milango peke yako baada ya giza, na kila kitisho kiripotiwe polisi na kwa walinzi wa Bunge hata kama kinaonekana ni porojo. Watoto waelezwe nini waseme na nini wasiseme mtandaoni kuhusu ratiba ya mama au baba.

Kukaa, kupanda, kuondoka

Kipindi ni miaka miwili katika Baraza, kwa hiyo kampeni inayofuata haiko mbali kamwe. Kinachomrudisha mtu ni huduma kwa wananchi: bima ya afya iliyokwama, leseni ya uuguzi inayochelewa, mafao ya kukosa kazi. Msaidizi wako ofisini anaweza kutatua mengi kwa simu moja kwa idara husika. Hakikisha kila anayepiga simu anajibiwa, awe alikupigia kura au la.

Ukishindwa, usitoweke. Mohamud Noor alishindwa mchujo wa 2014, akashindwa tena 2016, na mwaka 2018 akakipata kiti kilekile. Obama alishindwa vibaya mchujo wa Kongresi mwaka 2000 akiwa seneta wa jimbo, akarudi Springfield, mji mkuu wa Illinois, kufanya kazi. Asante kwa waliobisha milango pamoja nawe iende ndani ya wiki hiyohiyo, kwa simu na kwa mkono wako, na deni la kampeni lilipwe kabla ya kuzungumzia uchaguzi mwingine.

Majimbo kadhaa yana ukomo wa muda: California ni miaka 12 kwa jumla, Maine ni vipindi vinne mfululizo. Minnesota haina. Popote ulipo, mtafute mrithi mapema, ikiwezekana kijana aliyezoea kubeba daftari la milango. Siku ya kuondoka mkabidhi orodha ya wenyeviti wa mitaa, majina ya watumishi wa idara wanaojibu simu, na kesi za wananchi ambazo hazijaisha, baada ya kila mwananchi kukubali.